Mtoto wa Kiewe anajua sarufi kabla ya kujua kusoma: nani alimfundisha?

« Kofi alisema kwamba ameondoka. » Ukisikia maneno hayo kwa Kiswahili, utabaki na swali: nani ameondoka? Ni Kofi mwenyewe, ao ni mtu mwingine ambaye Kofi anazungumzia? Sentensi yenyewe haisemi. Msikilizaji anatafuta jibu katika habari iliyotangulia, ao anauliza.

Kwa Kiewe, lugha ya Ghana na Togo, swali hilo kwa kawaida halipo. Ukisema « Kofi be yèdzo », aliyeondoka ni Kofi mwenyewe. Ukisema « Kofi be edzo », aliyeondoka ni mtu mwingine. Tofauti yote imo ndani ya neno moja dogo, « yè », ambalo kazi yake ni kumrudisha msikilizaji kwa yule anayesema ao anayewaza.

Wataalamu wa lugha wameandika mengi juu ya neno hilo. Mfaransa Claude Hagège ndiye aliyelipa kundi hili la viwakilishi jina la kitaalamu mwaka wa 1974. Mmarekani George Clements alieleza kazi yake katika Kiewe mwaka wa 1975. Miaka 40 baadaye, mwaka wa 2015, mtafiti Hazel Pearson alikuwa bado anachapisha makala ndefu kuonyesha kwamba maana yake ni ngumu kuliko ilivyodhaniwa.

Lakini mtoto anayekulia Ho, Keta ao Lomé analipata neno hilo nyumbani, kabla ya kujua kusoma. Hakuna mama anayemketisha na kumweleza kanuni. Hakuna kitabu. Ikiwa maprofesa wanabishana juu ya kanuni hiyo, mtoto ameipata wapi?

Swali hilo si la wataalamu peke yao. Linamgusa mzazi anayejiuliza azungumze na mtoto wake lugha gani, na mwalimu anayepokea watoto mwaka wa kwanza wa shule.

Lugha moja, shule mbili

Kiewe kinasemwa na watu milioni kadhaa, hasa kusini-mashariki mwa Ghana, katika mkoa wa Volta, na kusini mwa Togo. Wajerumani walianza kutawala Togo mwaka wa 1884. Walipofukuzwa mwaka wa 1914, Waingereza na Wafaransa waligawana inchi hiyo, na mwaka wa 1957 sehemu ya Waingereza ikaingia ndani ya Ghana huru. Hivi Waewe walibaki pande mbili za mpaka.

Mji wa Aflao, upande wa Ghana, umegusana na Lomé, mji mkuu wa Togo, namna Goma na Gisenyi zilivyogusana. Mtoto wa Aflao anakuta Kiingereza shuleni. Mwenzake wa Lomé, aliye umbali wa kutembea kwa miguu, anakuta Kifaransa. Kabla ya hapo, nyumbani, wote wawili walikuwa wamepewa kazi ileile: kufungua sarufi ya Kiewe kwa masikio yao tu.

Kazi inaanzia kwenye sikio

Jina la lugha hiyo linaandikwa « eʋe ». Neno la kuhesabu, mbili, linaandikwa « eve ». Mgeni mara nyingi hasikii tofauti. Katika « eve », mdomo wa chini unagusa meno ya juu, kama katika neno letu « vita ». Katika « eʋe », meno hayahusiki: midomo miwili inakaribiana na pumzi inapita katikati. Kiewe kina pia f mbili: moja ni kama ya « fika », nyingine, inayoandikwa ƒ, inatoka kama pumzi ya mtu anayepuliza moto.

Mtoto mchanga ana uwezo hapa ambao mtu mzima ameupoteza. Mwaka wa 1984, watafiti Janet Werker na Richard Tees, huko Canada, walionyesha kwamba watoto wa miezi 6 hadi 8 waliozaliwa katika nyumba za Kiingereza walitofautisha sauti za lugha ambazo hawakuwahi kuzisikia, ikiwemo Kihindi. Walipofika miezi 10 hadi 12, wengi hawakuweza tena. Sikio lilikuwa limechagua lugha za nyumbani na kuacha zingine. Mtoto anakuwa amefanya uchaguzi huo hata kabla ya kusema maneno mengi.

Kisha kuna sauti ya juu na sauti ya chini. Msomaji anayesema Lingala, Mashi ao Kinande anajua jambo hilo: herufi zilezile, lakini sauti ikipanda ao ikishuka maana inabadilika. Kiswahili hakina desturi hiyo. Kiewe kinayo, na hakiitumii kwa kutenganisha majina ya vitu tu, bali hata kwa kuonyesha ni nani anatenda. « Míeyi » ni « tulikwenda ». « Mieyi » ni « mlikwenda ». Sauti ikianza juu, ni sisi. Ikianza chini, ni ninyi. Vilevile, « èyi » kwa sauti ya chini ni « ulikwenda », lakini « eyi » kwa sauti ya juu ni « alikwenda ».

Kwa hiyo mtoto wa Kiewe hawezi kujifunza maneno kwanza na sauti baadaye. Akikosea sauti, atakuwa amemtaja mtu mwingine. Utafiti juu ya watoto wa Kichina, lugha nyingine yenye sauti za juu na chini, unaonyesha kwamba watoto wanazishika sauti hizo mapema sana, hata kabla ya kutamka vizuri konsonanti zote.

Kitenzi kinachohama mahali

Baada ya sauti unakuja mpangilio wa maneno. Kwa Kiewe, « Kofi ɖu nu » ni « Kofi alikula ». Neno kwa neno ni « Kofi kula kitu »: mtendaji, kitendo, kitu, kama Kiswahili kinavyopanga. Mtoto angeweza kudhani kwamba hiyo ndiyo kanuni na mambo yameisha.

Lakini Kofi akiwa bado anakula, mpangilio unageuka: « Kofi le nu ɖum ». Sasa kitu kinatangulia kitendo, na kitendo kinapata m mwishoni. Na kama kitendo hakina kitu cha kutanguliza, kitenzi chenyewe kinasemwa mara mbili: « dzo » ni kuondoka, na « Kofi le dzodzom » ni « Kofi anaondoka ».

Kukana nako kuna pande mbili. « Kofi meɖu nu o » ni « Kofi hakula »: « me » inakaa mbele ya kitenzi, na « o » inafunga sentensi mwishoni kabisa. Kati ya mlango huo wa kuingilia na mlango wa kutokea, maneno mengi yanaweza kupita. Mtoto anapaswa kukumbuka kwamba aliufungua mmoja na lazima aufunge wa pili.

Kiewe pia kinapanga vitenzi mfululizo bila kuviunganisha. « Woɖa nu ɖu » ni « walipika chakula wakala ». Kiswahili kinarudia alama ya mtendaji: wa-lipika, wa-kala. Kiewe kinamtaja mtendaji mara moja na chakula mara moja, na vitenzi viwili vinagawana. Mtoto anatakiwa kuelewa kwamba kilichopikwa ndicho kilicholiwa, ingawa hakuna neno linalomwambia hivyo.

Mama hasahihishi sarufi

Wazazi wengi, Ghana kama Congo, wanaamini kwamba wao ndio wanaomfundisha mtoto kusema. Kwa upande wa maneno, ni kweli: mtoto ambaye hajasikia « ndizi » hawezi kulibuni neno hilo. Kwa upande wa sarufi, mambo ni tofauti.

Mwaka wa 1970, Roger Brown na Camille Hanlon walichunguza mazungumzo ya wazazi wa Marekani na watoto wao wadogo. Waliona kwamba wazazi walikuwa wanajali kama jambo lililosemwa ni la kweli. Mtoto akisema uongo kwa sarufi nzuri, alisahihishwa. Akisema ukweli kwa sarufi iliyovunjika, mzazi alikubali na mazungumzo yakaendelea. Hata hivyo watoto hao wote walifika kwenye sarufi kamili.

Tena mtoto haigi tu kile alichosikia. Mwaka wa 1958, Jean Berko aliwaonyesha watoto picha ya kiumbe cha kubuni na kukipa jina ambalo halikuwepo duniani. Kisha akawaonyesha viumbe viwili vya aina hiyo na kuwaomba wamalizie sentensi. Watoto wa shule ya chekechea walitengeneza wingi wa neno hilo bila shida. Hawakuwa wamelisikia popote. Walikuwa na kanuni kichwani, na waliitumia.

Hata makosa ya watoto yana utaratibu. Kiswahili chenyewe kinatoa ushahidi. Mtafiti Kamil Ud Deen alifuata watoto wanne wa Nairobi, na mwaka wa 2005 akatoa kitabu juu ya namna walivyojifunza Kiswahili. Watoto hao waliacha vipande vya mwanzo vya kitenzi: mara alama ya mtendaji, mara alama ya wakati, mara zote mbili. Lakini sentensi zao hazikuwa za ovyo. Ziliingia katika aina chache zilizojirudia kwa watoto wote wanne. Mzazi anayecheka kosa la mtoto anacheka kazi iliyo katikati, si ujinga.

Afrika inasahihisha vitabu

Kwa nini basi kuchunguza Kiewe, kama watoto wote wanajifunza vilevile? Kwa sababu hawajifunzi vilevile kabisa, na vitabu vingi viliandikwa kutokana na watoto wa lugha chache. Mwaka wa 2022, Evan Kidd na Rowena Garcia walihesabu makala za majarida manne makubwa yanayohusu lugha ya watoto. Walikuta lugha 103 tu, yaani karibu asilimia 1.5 ya lugha za dunia. Kiingereza na lugha zingine za Ulaya ndizo zilizotawala.

Matokeo ya upungufu huo yalishaonekana. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba sentensi za kutendwa, kama « chakula kililiwa », ni ngumu mno kwa mtoto mdogo, kwa kuwa watoto wa Kiingereza wanachelewa kuzitumia. Kisha Katherine Demuth akaenda Lesotho na kurekodi watoto wa Kisotho vijijini. Mwaka wa 1989 alichapisha kwamba watoto hao walikuwa wanatumia sentensi hizo kabla ya kufikisha miaka mitatu. Ugumu haukuwa katika akili ya mtoto. Watu wazima wa Kisotho wanazitumia sana, na watoto wanazisikia kila siku.

Kiewe kinaleta maswali mengine ya namna hiyo. Watoto wa Kiingereza wanajulikana kwa kuchanganya viwakilishi: hata wakiwa na miaka mitano, wengi wanaposikia kwamba fulani amemgusa, wanakubali kwamba fulani amejigusa mwenyewe. Mtoto wa Kiewe yuko ndani ya lugha inayotenganisha « yeye anayesema » na « yeye mwingine » kwa neno linalosikika wazi. Lugha inayoweka alama mahali ambapo Kiingereza hakiweki inampa mtoto kazi zaidi, lakini pia inampa msaada zaidi.

Jioni ya hadithi

Na « yè » inasikika wapi zaidi? Inahitaji mtu anayesimulia maneno ao mawazo ya mtu mwingine. Hakuna mahali maneno ya wengine yanarudiwa kama ndani ya hadithi.

Hadithi ya Kiewe inaitwa « gli ». Msimulizi anaanza kwa kuita: « Mise gli loo! », sikieni hadithi. Wasikilizaji, wakubwa kwa wadogo, wanaitika: « Gli neva! », hadithi na ije. Mara nyingi anayeingia ni Yiyi, buibui mjanja, ambaye anasema hivi kwa mmoja na vile kwa mwingine, anadanganya, anaahidi, anakana. Ili kufuata hadithi, mtoto anapaswa kujua kila mara nani alisema kwamba nani atafanya nini. Akipotea hapo, hatacheka pamoja na wengine.

Mtu mzima anaweza kuona ni mchezo wa jioni. Kwa mtoto ni mvua ya sentensi ndefu, zenye sarufi ambayo amri za mchana, « njoo », « leta maji », « kaa chini », hazina.

Lugha nyingi, walezi wengi

Wazazi wa mijini wana hofu nyingine: je, lugha nyingi hazimchanganyi mtoto? Mwaka wa 2025, Paul Omane na wenzake wa Potsdam, Ujerumani, na wa Ghana, walitoa matokeo ya utafiti juu ya watoto wachanga 121 wa Accra, wa miezi 3 hadi 12. Watoto hao walikuwa wanasikia lugha mbili hadi sita kila siku, na idadi ya walezi wao ilikuwa vilevile kati ya wawili na sita. Kiewe kilikuwa moja ya lugha hizo.

Watafiti waliona pia kwamba lugha za inchi, kama Akan, Ga na Kiewe, zilimfikia mtoto moja kwa moja, kutoka mdomoni mwa mtu anayemtazama. Kiingereza kilimfikia zaidi kwa njia ya pembeni, kama televisheni. Kwa mtoto hiyo ni tofauti kubwa, kwani televisheni haimjibu.

Nyumba yenye bibi, mashangazi, majirani na lugha nyingi, ambayo Goma, Bukavu na Lubumbashi zinaijua vizuri, si hali ya ajabu. Vitabu vilivyoandikwa juu ya mama mmoja, mtoto mmoja na lugha moja ndivyo vilivyoacha nje sehemu kubwa ya dunia.

Mlango wa shule

Mtoto huyo sasa ana miaka sita. Anaweza kukana, kusimulia, kupanga vitenzi vitatu kwa pumzi moja, na kutaja bila utata nani alisema nini. Anafika shuleni na lugha inabadilika. Ananyamaza. Mwalimu anaandika kwamba mtoto hajui.

Katika shule nyingi za Afrika Magharibi, hasa zilizofuata mfumo wa Kifaransa, mtoto aliyeponyokwa na neno la nyumbani alivikwa kitu shingoni, kilichoitwa « symbole » ao « signal », mpaka amkamate mwenzake na kumpa. Alichofundishwa hapo ni kunyamaza.

Serikali zilijaribu njia nyingine. Togo, katika mageuzi ya elimu ya mwaka wa 1975, ilichagua Kiewe na Kikabiye viingie shuleni, lakini Kifaransa kikabaki lugha ya masomo. Ghana imegeuka mara kadhaa: mwaka wa 2002 ilitangaza Kiingereza tangu mwaka wa kwanza, kisha ikarudi kwenye lugha za nyumbani kwa miaka ya mwanzo, na vitabu vya kusoma vikatengenezwa katika lugha 11, Kiewe kikiwemo.

Ushahidi wa upande wa lugha ya nyumbani si wa jana. UNESCO iliuunga mkono katika ripoti yake ya mwaka wa 1953. Huko Ife, Nigeria, mradi ulioanza mwaka wa 1970 chini ya profesa Babs Fafunwa ulifundisha watoto kwa Kiyoruba miaka yote sita ya shule ya msingi, Kiingereza kikiwa somo. Watoto hao walifanya vizuri kuliko wenzao, hata katika Kiingereza chenyewe.

Katiba ya Congo ya mwaka wa 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha ya utawala, na Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Kwa hiyo mwalimu wa Uvira ao Butembo anakutana na mtoto yuleyule aliyenyamaza Lomé.

Kuna jambo ambalo mwalimu huyo anaweza kufanya bila kungoja waziri wala vitabu vipya. Siku ya kwanza, kabla ya kuandika herufi ubaoni, amwombe mtoto asimulie hadithi moja kwa lugha ya nyumbani, ile aliyoisikia kwa bibi. Kisha asikilize jinsi mtoto anavyopanga nani alisema nini, kwa nani, na kabla ya nini. Somo la Kifaransa linaweza kuanzia hapo, juu ya kile ambacho mtoto tayari anakijua.